Hospitali Zetu na Fedha za Umma



Tumeombwa tuseme juu ya hospitali zisizo za serikali, nasi twaanza nyumbani. Wengi wetu tulizaliwa au tulitibiwa katika hospitali za misheni. Kikuyu, Tumutumu, Chogoria na Maseno zilikuwa zikitibu watu miaka mingi kabla ya uhuru. Kwa hiyo mtoaji huduma asiye serikali si mgeni katika nchi hii, wala si adui. Lakini fedha za umma zinapoingia mkononi mwake, umma una haki ya kujua zimenunua nini na kwa bei gani.

Tukumbuke tulikotoka. Mwaka 1965 serikali iliondoa ada ya shilingi 5 waliyotozwa wagonjwa wa nje. Desemba 1989 ada zikarudi kwa jina la kuchangia gharama. Wagonjwa wakapungua vituoni. Mwaka 1990 ada ya wagonjwa wa nje ikasimamishwa, kisha ikarejeshwa hatua kwa hatua tangu 1992. Uamuzi ule wa 1989 ulifanywa wakati Bunge lilikuwa la chama kimoja, na mama aliyerudishwa na mtoto mgongoni hakuwa na pa kulalamikia.

Leo tunapo. Ibara ya 43 ya Katiba ya 2010 inampa kila mtu haki ya afya, na inakataza kumnyima mtu yeyote matibabu ya dharura. Tangu Oktoba 2024 Mamlaka ya Afya ya Jamii imechukua nafasi ya NHIF, na mwenye mshahara hukatwa asilimia 2.75. Makato hayo hulipa hospitali za serikali, za makanisa na za wafanyabiashara pia.

Na matokeo? Februari 2025 chama cha hospitali za binafsi kilitangaza kusimamisha huduma za bima kwa sababu ya madeni, yakiwemo yale yaliyoachwa na NHIF. Agosti mwaka huo huo Wizara ikasimamisha hospitali kadhaa kwa madai ya udanganyifu. Huyu anadai hakulipwa, yule anadai ameibiwa. Mgonjwa, ambaye mshahara wake umekwisha kukatwa, anaambiwa langoni alete fedha taslimu. Hatuwezi kuamua nani mkweli maadamu mikataba na orodha za malipo hazijawekwa mbele yetu.

Hapa ndipo tunapojikosoa wenyewe, hata kama inauma. Mwaka 2015 Mahakama Kuu iliamua kwamba kuwazuilia akina mama katika hospitali ya Pumwani kwa kushindwa kulipa ni kuvunja Katiba. Ile ni hospitali ya umma. Lakini hata penye msalaba langoni tumeona maiti ikizuiwa na jamaa wakizunguka na daftari la mchango. Tutawezaje kuidai serikali ifungue vitabu vyake ilhali vyetu vimefungwa?

Basi twaziomba kamati za parokia na za makanisa yote zenye hospitali au zahanati zianze mwezi huu: zibandike ukutani bei za huduma, fedha zilizopokewa kutoka kwenye bima, na deni ambalo bado halijalipwa. Tukiwa na karatasi hizo mkononi, tutakwenda kwa mbunge na kwa wawakilishi wa wadi.