Kiimbo Bila Maneno: Funzo Kutoka Studio ya Smallfilms



Katika ufundishaji wa isimu ya Kiswahili, fonimu na mofimu hupewa sura nzima nzima, ilhali kiimbo huachiwa aya chache. Mhadhara huu unadai kwamba mgawanyo huo haulingani na namna lugha inavyofanya kazi sikioni mwa msikilizaji. Ushahidi wake unatoka mahali pasipotarajiwa: banda la ng'ombe huko Kent, Uingereza.

Banda hilo, katika shamba la Peter Firmin kijijini Blean, karibu na Canterbury, liligeuzwa karakana ya Smallfilms, studio aliyoiasisi pamoja na Oliver Postgate mwaka 1959. Firmin alichora na kuunda vikaragosi. Postgate alitunga hadithi, akapiga picha na kusimulia. Kazi za awali, kama vile Ivor the Engine, zilitumia vipande vya karatasi vilivyochorwa. Baadaye vikaja vikaragosi vya umbo kamili: kikaragosi kilisogezwa kidogo, kikapigwa picha, kikasogezwa tena. Kwa kuwa sekunde moja ya filamu ina picha zipatazo 24, dakika chache za hadithi zilidai subira kubwa.

Mnamo Novemba 1969, miezi minne baada ya binadamu kukanyaga mwezi, BBC ilianza kuonyesha The Clangers, hadithi za viumbe wa sayari ndogo waliofumwa kwa sufu na Joan, mkewe Firmin. Viumbe hao hawakutamka neno. Hata hivyo, Postgate aliwaandikia mazungumzo kamili kwa Kiingereza, kisha yakapulizwa kwa filimbi ambayo mlio wake hupanda na kushuka kwa mtelezo. Maneno yakatoweka, kiimbo kikabaki. Ni kweli kwamba msimulizi aliwasaidia watoto kufuata kisa. Lakini hasira, swali na bembelezo vilisikika katika mlio wenyewe. Mfululizo huo ulipofufuliwa mwaka 2015, filimbi hazikuachwa.

Funzo hilo linakihusu Kiswahili moja kwa moja. Tofauti na lugha nyingi za Kibantu, Kiswahili Sanifu hakitumii toni kutofautisha maana za maneno. Hivyo basi, kidatu cha sauti kina nafasi pana ya kubeba kazi nyingine. "Mama amerudi" ni taarifa. Sauti ikipandishwa, ni swali, pasipo kubadili mpangilio wa maneno wala kuongeza "je". Katika maandishi, tofauti hiyo yote imebebeshwa alama moja ya kuulizia.

Kwa hiyo, mwalimu anayefundisha maneno pasi na kiimbo humpa mwanafunzi nusu ya lugha. Vivyo hivyo, anayetia sauti za Kiswahili katika filamu za watoto akatafsiri maneno na kuacha kiimbo cha lugha ya asili, huwapa watoto Kiswahili kisichozungumzwa na mtu yeyote. Postgate alifariki mwaka 2008, na Firmin mwaka 2018. Filimbi zao zingali zinauliza swali ambalo wanaisimu wa Kiswahili wanapaswa kulijibu: neno likiondolewa, ni kiasi gani cha lugha husalia?