Uchaguzi wa Kifaa cha GPS kwa Uwindaji Vitaluni



Mwaka 2019 sehemu kubwa ya Pori la Akiba Selous ilimegwa ikawa Hifadhi ya Taifa Nyerere. Mwindaji anayefuata nyayo karibu na mpaka wa hifadhi hiyo anahitaji kujua ardhi aliyoikanyaga ni ya nani, kwa sababu ndani ya hifadhi ya taifa kuwinda ni kosa la jinai. Nyati hajui mpaka, na mara nyingi mpaka wenyewe ni mstari wa koordineti tu, bila uzio wala barabara. Ndiyo maana nakipima kifaa chochote kwa swali hili kwanza: kitakuonyesha kwa uhakika kwamba bado umo kitaluni?

Wanunuzi wengi huulizia usahihi wa mita. Tangu Mei 2000, Marekani ilipoacha kuvuruga kwa makusudi mawimbi ya GPS ya raia, kifaa cha kawaida hukosea mita chache tu mahali pa wazi. Kosa kubwa hutoka kwingine. Ramani zetu za zamani za 1:50,000 zilichorwa kwa msingi wa vipimo uitwao Arc 1960, ilhali vifaa hutoka dukani vikiwa vimewekwa msingi wa WGS 84. Koordineti za msingi mmoja zikiingizwa kwenye kifaa kilichowekwa msingi mwingine, mahali husogea takriban mita 300. Mita hizo zinatosha kukuweka upande wa hifadhi huku wewe ukiamini umo kitaluni. Aidha nchi yetu imo katika kanda tatu za gridi ya UTM, 35, 36 na 37, na mpaka kati ya 36 na 37 ni longitudo 36 Mashariki, kwa hiyo kukosea kanda nako hukupotosha. Kifaa kisichokuruhusu kubadili msingi wa vipimo, au kuchagua kati ya digrii na UTM, msikinunue, hata kikiwa na kioo kizuri namna gani.

Suala la umeme ni jepesi zaidi. Garmin eTrex 22x na 32x hutumia betri mbili za AA kwa saa zipatazo 25, na betri za akiba hubebeka mfukoni. Kati ya hizo mbili napendelea 32x, kwa kuwa dira yake hufanya kazi hata ukiwa umesimama. Ya 22x hukuonyesha uelekeo ukiwa unatembea tu. Anayemfuatilia nyati aliyejeruhiwa husimama mara nyingi, akisikiliza, na hapo ndipo anapohitaji kujua gari liko upande gani.

GPSMAP 66i huchajiwa, lakini hutuma ujumbe na wito wa msaada kupitia satelaiti za Iridium, kwa ada ya usajili. Kila msafara uwe na kifaa kimoja cha aina hiyo. Ada hiyo ni ndogo mno mbele ya uhai wa mfuata nyayo aliyepigwa pembe mahali pasipo na mtandao.

Simu nayo hupokea mawimbi ya satelaiti bila mtandao, mradi ramani imepakuliwa mapema. Iwe akiba tu, maana chaji yake huisha upesi.

Nawaomba wenye kampuni: kabla ya msimu kuanza, pelekeni kila kifaa kwenye bikoni ya upimaji yenye koordineti zinazojulikana, mlinganishe tarakimu mbele ya askari atakayekibeba.