Miwani ya mvuvi

Mkuu wa chuo, walimu, wazazi mliodamka alfajiri kutoka Rongo, Kendu Bay na Mbita, na ninyi mnaotoka jasho ndani ya majoho, hamjambo?

Miwani hii nimeazimwa na mvuvi wa mbuta hapa Homa Bay. Saa tatu asubuhi ziwa humeta hadi macho yanauma. Ukiivaa, mng'aro unakatika, unaona majani yaliyo chini ya maji. Igeuze isimame wima mbele ya jicho, mng'aro unarudi. Kioo ni kilekile! Mwanga hutikisika, na ule unaoruka juu ya maji hutikisika zaidi kwa ulalo. Miwani huuzuia huo.

Polarimita ya wanaanga huuliza swali hilohilo: mwanga wa nyota unatikisika upande gani, na kwa kiasi gani? Jibu hufichua yasiyoonekana pichani, kama vile nguvu za sumaku zilivyojipanga mahali nyota ilipolipuka.

Msidhani ni mambo ya mbali. Tarehe 15 Oktoba 1974, setilaiti ya Uingereza, Ariel 5, ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi, ikiwa na polarimita ya eksirei. Desemba 2021, Marekani na Italia wakarusha setilaiti nyingine ya kazi hiyohiyo, IXPE, yenye darubini tatu. Kwa mwanga wa eksirei miwani haifui dafu, kwa hiyo wametumia gesi. Mwale ukigonga atomu, elektroni huchomoka, na kijia chake kifupi mno ndicho kinachosema upande. Kijia kimoja hakitoshi. Huhesabiwa maelfu kwa maelfu. IXPE iliwekwa kuzunguka juu ya ikweta, kilomita 600 kwenda juu, ikipita karibu na utosi wetu kila saa moja na dakika arobaini hivi. Kabla dakika mbili hazijaisha iko upande wa Malindi, kwenye kituo kilichopangiwa kupokea data zake.

Hapo ndipo panaponiuma. Kwa nusu karne sisi tumetoa ikweta, wenzetu wakatoa maswali.

Ninyi wa fizikia na hisabati, data za IXPE zimewekwa wazi mtandaoni, bure. Bando za kutazama mpira hazijawahi kuwashinda. Wikendi hii, mkishamaliza kula samaki, pakueni faili moja tu, mhesabu wenyewe.