Tairi la Ndani Ndilo Lisilopimwa

Mada kwa semina ya madereva, matingo, mafundi na wasimamizi wa yadi za magari ya mizigo



Semi-trela ya kawaida inayopakia bandarini Dar es Salaam kwenda Tunduma ina matairi 22: kichwa 10, tela 12. Kati ya hayo, 10 yamejificha nyuma ya wenzake: 4 kwenye ekseli za difu na 6 kwenye tela. Hayo ndiyo yaliyonileta hapa.

Tuanze na mzigo wenyewe. Mzigo haubebwi na mpira, unabebwa na upepo. Mpira na nyaya zake kazi yao ni kuuzuia upepo huo usitoke. Chukua tairi la saizi 315/80R22.5, usome ubavuni. Mengi yameandikwa 156/150. Namba ya kwanza maana yake ni kilo 4,000 tairi likiwa peke yake, ya pili kilo 3,350 likiwa pacha, na vyote hivyo ni pale tu lilipojazwa sawasawa, yaani bar 8.5, takriban psi 123. Sasa sheria ya Afrika Mashariki ya kudhibiti uzito wa magari, ya mwaka 2016, inaruhusu tani 8 kwenye ekseli ya usukani. Gawanya kwa mbili: tani 4 kila tairi. Hakuna akiba hata kilo moja. Unaweza kupita mzani wa Vigwaza bila faini huku tairi la mbele limezidiwa, kwa sababu mzani unapima uzito, haupimi upepo.

Nyuma kunaonekana kuna nafuu. Ekseli mbili za difu zinaruhusiwa tani 18 kwa matairi 8, yaani kilo 2,250 kila moja. Nafuu hiyo ndiyo inayotudanganya. La ndani likiisha upepo, la nje linabaki na kilo 4,500, na halikutengenezwa kwa uzito huo hata likiwa peke yake. Hata lisipoisha kabisa, madhara yapo. Pacha zimefungwa pamoja, lazima zizunguke sawa. Iliyolegea mzunguko wake ni mfupi, kwa hiyo inaburuzwa njia nzima. Ubavu wake unakunjika na kukunjuka kila mzunguko, joto linapanda, mpira unaanza kuachana na nyaya. Linapasuka mbele huko, Mikumi au Mbeya, na dereva anasema kweli tupu: asubuhi lilikuwa zima.

Kwa nini halikupimwa? Valvu ya tairi la ndani iko mbali, mkono unapita kwenye tundu la rimu lenye vumbi na grisi, na foleni ya kutoka yadi inasubiri. Basi tingo anapita na chuma akigonga. Mlio wa chuma utakuambia tairi limekwisha au halijaisha. Hautakuambia kama lina psi 120 au 85. Macho nayo hayasaidii, kwani la nje linalibeba la ndani, halionekani limebonyea. Kilichobaki ni geji.

Pima asubuhi gari likiwa limelala, au angalau limesimama kwa muda wa saa tatu. Kila joto la ndani ya tairi likipanda nyuzi 10, geji inaongeza psi 4 hadi 5, na hilo ni la kawaida, mtengenezaji amelihesabu. Hapa niseme kwa uchungu kuhusu mteremko wa Kitonga. Gari likishuka na mzigo, joto la breki linaingia kwenye rimu, na dereva akisimama Ruaha Mbuyuni akipima anakuta 140. Anaogopa, anabonyeza valvu, anapunguza hadi 120. Kesho yake alfajiri tairi likipoa lina 100 na kitu, na safari bado ndefu. Tairi la moto halipunguzwi upepo kamwe. Kama moja limepanda sana kuliko mengine, chunguza breki au bearingi ya gurudumu hilo.

Upande wa pili kuna baridi. Gari lililojazwa Dar es Salaam likilala Makambako mwezi wa Julai litaonyesha upungufu wa psi chache bila kuvuja popote. Ongeza panapohitajika, mradi umepima yote.

Sasa jambo la hatari, hasa kwa mafundi. Tairi lililotembea likiwa chini ya asilimia 80 ya upepo wake, yaani chini ya 96 kama lake ni 120, lisijazwe likiwa kwenye gari. Lifunguliwe, likaguliwe ndani. Nyaya za ubavuni huwa zimekunjwa hadi zimechoka, na ukirudisha upepo zinaweza kukatika mfululizo, ubavu ukafunguka kwa mlipuko unaoua. Linapojazwa tena liwe ndani ya kizimba cha chuma, mpira wa kompresa uwe mrefu na wenye kibanio, na fundi asisimame ubavuni mwa tairi. Najua fundi wa barabarani hana kizimba. Ndiyo maana tairi la akiba linapaswa kuwa zima, na lipimwe pia.

Kwa wasimamizi wa yadi nina maombi ya bei ndogo kuliko tairi moja. Kila gari lipewe geji yake. Valvu za ndani zifungwe bomba la kurefusha, mkono ufike bila kuhangaika, na kila valvu iwe na kifuniko cha chuma, maana vumbi likiingia valvu inavuja kidogo kidogo. Dereva apewe muda wa kupima matairi yote kabla ya kutoka, asihesabiwe kuchelewa. Na geji zote zilinganishwe kila mwezi na moja inayotunzwa ofisini, kwa sababu geji iliyoangushwa chini mara mbili tatu hudanganya, nayo haionyeshi dalili yoyote.