Pampu Ikifa, Mpangaji Afanye Nini?

(Hotuba iliyotolewa na mmoja wa wanafunzi wa zamani katika mkutano wetu wa mwaka)



Ndugu Katibu aliponiandikia alipendekeza niseme juu ya utumishi wa umma na maendeleo ya taifa. Nilimjibu kwamba kwa hilo wapo wasemaji wakubwa kuliko mimi, na nikaomba ruhusa ya kusema juu ya jambo dogo linalowanyima usingizi wengi walioketi humu. Umepanga nyumba, umekwisha kulipa, kisha pampu ya maji inakufa, au hita inaungua, au choo kinaziba, na mwenye nyumba hapokei simu.

Vijana msidhani hayawahusu. Hapa bwenini bomba likivuja mnamwendea kiranja, naye anamwendea mwalimu wa zamu, na baada ya juma moja au mawili (wakati wetu yalikuwa matatu) fundi anafika. Mwakani baadhi yenu mtakuwa vyuoni, mmepanga chumba cha uani, na huko hakuna kiranja.

Serikali ilipotangaza mwaka 2016 kwamba inahamia Dodoma, watumishi wengi tuliokuwa na makazi Dar es Salaam tulijikuta wapangaji upya. Mimi nilihamia mwaka 2017. Nilipata sehemu ya nyumba yenye wapangaji wanne, kodi shilingi 250,000 kwa mwezi, na kama ilivyo desturi nilitakiwa kulipa mwaka mzima, yaani shilingi 3,000,000, kabla ya kukabidhiwa ufunguo. Dalali naye alichukua kodi ya mwezi mmoja kwa kazi ya kunionyesha mlango. Maji yalikuja kwa zamu, yakajaa tangi la chini, na pampu ikayapandisha tangi la juu. Mwezi wa tatu pampu ikaungua. Mwenye nyumba akatujibu kwa simu: "Imewafia mikononi mwenu, itengenezeni wenyewe."

Je, alikuwa na haki? Hakuwa nayo. Sheria ya Ardhi, Namba 4 ya mwaka 1999, iliyoanza kutumika Mei 2001, inaweka ndani ya mikataba ya upangaji ahadi za mwenye nyumba, hata kama hazikuandikwa. Nyumba, fleti au chumba cha kuishi lazima kifae kwa makazi ya binadamu siku ya kuanza kupanga, na kiendelee kufaa muda wote wa upangaji. Na pale mtu anapopangishwa sehemu tu ya jengo, mwenye nyumba ndiye mwenye wajibu wa kutunza paa, kuta kuu, mifereji mikuu ya maji machafu, na mitambo na sehemu zinazotumiwa na wote. Pampu inayowanywesha wapangaji wanne kwangu ni mtambo wa wote. Mpangaji naye ana wajibu wake wa kutunza nyumba, lakini habanwi kutengeneza kilichoharibika kwa uchakavu wa kawaida. Taa ikiungua chumbani kwako, nunua taa. Mtoto akivunja sinki, lipa. Pampu iliyochoka kwa miaka minane si deni lako.

Friji, jiko la umeme na kiyoyozi ni habari nyingine. Hivyo sheria haikuvitaja kwa majina. Kama ulivikuta ndani na mkataba haukusema neno, itakuwa kazi ngumu kumlazimisha mtu avitengeneze. Ndiyo maana siku ya kupokea ufunguo hapana budi kuandika orodha ya kila chombo na hali yake, mkaweka sahihi wote wawili. Nusu saa inatosha.

Wazee wenzangu wengine bado wanaamini kuna baraza la kudhibiti kodi litakalowatetea. Sheria ile ya mwaka 1984 ilifutwa mwaka 2005. Leo kodi ni mapatano, na hapa ndipo ninapoona ugonjwa wenyewe ulipo. Haki ya kutengenezewa ipo kwenye maandishi, lakini mtu aliyekwisha kulipa miezi 12 hana tena kitu mkononi cha kumfanya mwenzake aharakishe. Afadhali kusumbuana kabla ya fedha kutoka. Omba ulipe miezi mitatu au sita. Ikishindikana, basi yaandikwe mambo mawili: matengenezo yafanywe ndani ya siku ngapi, na yasipofanywa mpangaji aruhusiwe kuyafanya na kukata gharama kwenye kodi.

Nasikia wengine wakisema, "Mimi nazuia kodi mpaka atengeneze." Nawasihi msifanye hivyo kwa hasira. Kulipa kodi ni ahadi yako wewe, na ukiivunja bila makubaliano wala amri ya baraza, unampa mwenye nyumba sababu ya kukushitaki, na habari ya pampu itasahaulika.

Sisi wanne tuliandika barua. Tulitaja tarehe pampu ilipoungua, tukaambatanisha maelezo ya fundi kwamba imechakaa na bei ya mpya, shilingi 320,000, tukampa siku 14, na nakala tukaipeleka kwa mwenyekiti wa mtaa. Siku ya kumi alikuja mwenyewe, amenuna, lakini alikuja. Hakuwa na fedha, na namwamini, maana alikuwa mstaafu na kodi yetu ndiyo iliyomalizia ujenzi wa uzio. Tuliandikiana mbele ya mwenyekiti kwamba tununue pampu sisi, na kila mmoja apunguziwe shilingi 80,000 kwenye kodi ya mwaka unaofuata. Alitimiza.

Asingekuja, njia ilikuwepo. Baraza la Kata, ambalo tangu marekebisho ya mwaka 2021 kazi yake ni kusuluhisha, na baada yake Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, lililowekwa na Sheria Namba 2 ya mwaka 2002. Mwaka huohuo wa 2021 Kiswahili kilifanywa kuwa lugha ya mahakama na mabaraza, kwa hiyo hakuna wa kukutisha kwa Kiingereza. Ila mkataba usiolipiwa ushuru wa stempu unaweza kukataliwa kama ushahidi mpaka ulipiwe, na wapangaji wengi hugundua hilo wakiwa tayari mbele ya mwenyekiti wa baraza. Aidha, ukilipa kwa simu tunza ujumbe, na ukilipa taslimu dai stakabadhi, hata kwa shangazi yako.

Natambua kwamba humu wamo pia wenye nyumba, na mmoja amekwisha kunikonyeza. Orodha ile ya vyombo inakulinda na wewe, kwani mpangaji akiondoka na hita yako utakuwa na cha kuonyesha.

Mfano wa orodha na mfano wa barua nimeviacha kwa Ndugu Katibu, vyote kwa Kiswahili. Anayehitaji amwone baada ya chakula.