Ngitili ya Mji: Kanuni za Mkanda wa Kijani Kati ya Viwanda na Makazi

Mada kwa wakazi wa kata, mjini Bariadi



Mkoa wa Simiyu ulianzishwa mwaka 2012, makao makuu yake yakiwa Bariadi. Tangu hapo mji umepanuka kuelekea mashamba, na viwanja vimefika hadi karibu na majengo ambayo zamani yalisimama peke yake porini. Katika mkoa unaolima pamba, kiwanda cha kuchambua zao hilo ni neema kwa mkulima na kwa kijana anayetafuta kazi. Hata hivyo, kiwanda hicho hicho hutoa vumbi la nyuzi, kelele za mitambo, msururu wa malori na hatari ya moto. Ndiyo maana wapangaji wa miji huacha mkanda wa kijani, yaani ardhi ya miti na nyasi, kati ya eneo la viwanda na nyumba za watu.

Wazo hilo si geni kwa Wasukuma. Mfugaji anapofunga ngitili wakati wa masika, jirani haoni ardhi iliyokosa mwenyewe. Anaona malisho ya kiangazi. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ulioanza mwaka 1986 wakati Bariadi, Maswa na Meatu zingali ndani ya Mkoa wa Shinyanga, ulirudisha uoto katika maeneo makubwa kwa kuijenga upya desturi hiyo. Ngitili zilidumu pale ambapo wanakijiji waliijua mipaka na kukubaliana kuilinda. Mkanda wa kijani wa mji unahitaji makubaliano ya namna hiyo hiyo.

Mkanda unaofanya kazi haupandwi ovyo. Mstari mmoja wa miti mirefu yenye mashina matupu hupitisha vumbi chini ya matawi. Inafaa kuwa na ngazi kadhaa: nyasi, vichaka, miti mifupi, kisha miti mirefu. Kwa Simiyu lipo sharti la ziada. Ununuzi na uchambuaji wa pamba huangukia kiangazi, hivyo mti unaopukutisha majani yote wakati huo haumsaidii mkazi katika miezi anayouhitaji zaidi. Inafaa kuchagua miti inayobaki na majani, kama mwembe na mwarobaini. Aidha, kati ya ukuta wa kiwanda na miti huachwa njia iliyofyekwa, kwa kuwa pamba hushika moto upesi.

Sheria zinazogusa jambo hili zipo. Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007 huipa halmashauri wajibu wa kupanga matumizi ya ardhi na kusimamia uendelezaji. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kibinadamu za kudumu au zinazoweza kuharibu mazingira ndani ya mita 60 kutoka kingo za mito na fukwe za maziwa. Sheria hiyo pia inataka miradi inayoweza kuathiri mazingira ifanyiwe tathmini kabla ya kuanza, na wananchi wapewe nafasi ya kutoa maoni. Mita hizo 60 zina uzito katika Simiyu. Mto Simiyu na tawi lake la Duma humwaga maji katika Ziwa Victoria, ziwa hilo hilo linalotegemewa na mradi mkubwa wa kuleta maji mkoani kupitia Busega.

Hata hivyo, mkanda wa kijani unaweza kumwumiza mtu. Katika mji mpya wa Konza nchini Kenya, uliotengewa ekari 5,000, Serikali iliweka pembezoni mwake ukanda wa kilomita 10 wenye masharti ya ujenzi, ili makazi holela yasiuzingire. Ardhi ilibaki mikononi mwa wenyewe, lakini hawakuwa huru kuiendeleza watakavyo, na malalamiko yakafuata. Lengo lilikuwa jema. Mzigo ukawaangukia waliokuwapo kabla ya mji.

Kwa sababu hiyo, mpaka wa mkanda unapaswa kuchorwa na kutangazwa mapema, kabla viwanja havijauzwa. Mwenye haki katika ardhi itakayotwaliwa analindwa na Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, ambayo miongoni mwa misingi yake ni fidia kamili, ya haki na inayolipwa kwa wakati. Anayenunua kwa dalali kipande kilicho ndani ya mkanda uliokwisha kupimwa na kulipiwa fidia hana kinga hiyo. Hupoteza akiba yake, na nyumba yake huwa ya kwanza kupokea vumbi. Naye mwenye kiwanda hana ruhusa ya kuugeuza mkanda kuwa maegesho ya malori au jalala. Kanuni ikimbana mkazi na kumwachia mwekezaji, hakuna atakayeiheshimu.

Mambo manne yako ndani ya uwezo wa kila mkazi. Kwanza, aombe kuona ramani ya mipango miji ya eneo lake kabla ya kununua kiwanja, na athibitishe kwa ofisi ya ardhi ya halmashauri. Pili, ahudhurie mikutano ya mtaa au kijiji inapojadili mradi wa kiwanda, na aulize mkanda utaanzia wapi, utaishia wapi, na nani atamwagilia miche. Tatu, atoe taarifa kwa Mtendaji wa Kata mapema aonapo miti ikikatwa au msingi ukichimbwa ndani ya mkanda. Msingi ni rahisi kuusimamisha kuliko nyumba yenye familia. Nne, asiwaachie mifugo miche michanga.

Mti huhitaji miaka kabla ya kuzuia vumbi, ilhali kiwanda kinaweza kukamilika kwa muda mfupi zaidi. Kwa hiyo upandaji utangulie ujenzi, na mpaka utangulie upandaji.