UJUZI WA MWALIMU WA KIINGEREZA, NA JINSI YA KUUTUNZA

(Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa wanachama)



Tumeombwa kusema machache juu ya walimu wa Kiingereza. Labda wako watakaouliza, Jambo hili latuhusu nini sisi makarani na watumishi wa serikali? Jawabu ni kwamba latuhusu mara mbili. Kwanza, hapana mmoja wetu aliyeingia ofisini ila alifunguliwa mlango na mwalimu wa namna hiyo. Pili, barua ya kumhamisha mwalimu, hesabu ya mshahara wake na jalada la kupandishwa cheo kwake hupita mikononi mwetu.

Wazee walisema, Ujuzi hauzeeki. Twauheshimu usemi huu, na kwa seremala na mhunzi huenda ukawa kweli. Walakini ujuzi wa kufundisha lugha ya kigeni huzeeka upesi usipotunzwa. Mwalimu hutoka chuoni na cheti chake, akapelekwa shule ya mbali ambako tangu asubuhi hata jioni hapana mtu wa kuzungumza naye Kiingereza. Watoto wajua maneno machache. Walimu wenzake husema Kiswahili, nayo ni haki yao. Kitabu kipya hakifiki. Baada ya miaka kumi cheti kingali sandukuni, lakini lugha imerudi nyuma, na mwenyewe aogopa kuinena mbele ya darasa. Basi huandika ubaoni, na watoto hunakili.

Hili si jambo dogo katika Tanzania. Katika shule nyingi za msingi za serikali mtoto hufundishwa kwa Kiswahili, na Kiingereza ni somo moja tu. Akiingia Kidato cha Kwanza, masomo karibu yote hugeuka kuwa ya Kiingereza. Anayemvusha mto huo ni mwalimu wa Kiingereza. Mwalimu akiwa dhaifu, mtoto mwenye akili aweza kushindwa Jiografia na Bayolojia, si kwa ujinga, bali kwa kukosa lugha ya kuzisomea.

Mambo yaliyopita yatufundisha. Azimio la Musoma la mwaka 1974 liliagiza kwamba watoto wote wa umri wa shule wawe shuleni ifikapo 1977. Ilikuwa kazi kubwa na ya heshima, na ili kuitimiza, vijana wengi waliomaliza shule ya msingi waliandaliwa kuwa walimu huko huko vijijini, kwa masomo ya redio na ya posta. Wengi wao walifanya kazi kwa moyo. Lakini Kiingereza hakipatikani kwa haraka namna hiyo. Mwaka 1984 wataalamu wawili, Criper na Dodd, walitoa taarifa wakionya kwamba Kiingereza cha wanafunzi wengi wa sekondari hakikutosha kusomea masomo mengine. Baada ya hapo mradi uliosaidiwa na Uingereza ulileta shuleni vitabu vyepesi vya kusoma. Vitabu ni vyema. Lakini kitabu hakijisomeshi, na kila mradi una siku yake ya mwisho.

Basi ujuzi wenyewe ni nini? Wengi hudhani ni wingi wa miaka. Profesa Amy Tsui alichunguza walimu wanne wa Kiingereza katika shule moja ya Hong Kong, akatoa kitabu juu yao mwaka 2003. Alionyesha kwamba miaka peke yake haimfanyi mtu kuwa bingwa. Bingwa ni yule anayeendelea kuuliza maswali juu ya mambo ambayo wengine wameyazoea hata hawayaoni tena.

Na tutoe mfano wa kwetu. Mtoto asimulia habari za dada yake na kumwita "he". Mwalimu wa kwanza hutia wino mwekundu. Mwaka ujao hutia tena. Miaka hupita, na kosa liko pale pale. Mwalimu wa pili hujiuliza, Kosa hili latoka wapi? Huona kwamba Kiswahili chatosheka na neno "yeye" kwa mwanamume na kwa mwanamke, hivyo mtoto hajazoea kuchagua. Basi hutunga mchezo: watoto husimulia kwa zamu habari za baba na mama, wakichagua "he" au "she" kila mara, hata sikio likazoea. Jioni huandika katika daftari lake lililofaa na lisilofaa, na siku ya pili humweleza mwenzake. Walimu hao wawili wamekaa kazini miaka sawa, na mshahara wao ni sawa. Lakini wanafunzi wao si sawa.

Walakini hata huyo wa pili hawezi kudumu peke yake. Kinolewacho hupata, lakini kisu hakijinoi. Mwalimu ahitaji mwenzi wa kusema naye, kitabu cha kusoma kwa furaha yake mwenyewe, na wakati wa kuifikiri kazi yake. Serikali imeweka mpango wa Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, uitwao MEWAKA, ambao kwa huo walimu hukutana shuleni mwao katika jumuiya za ujifunzaji na kujadiliana shida za darasani. Twausifu, maana semina ya siku tatu mjini husahauliwa upesi, bali mkutano wa kila mara huacha alama. Lakini kwa walimu wa Kiingereza twaongeza sharti moja: saa hiyo isemwe lugha yenyewe, hata kwa kukwama, na asichekwe mtu. Kicheko cha wenzake kimemnyamazisha mwalimu mmoja mmoja kuliko ugumu wa sarufi.

Sasa sehemu yetu. Sisi tunaoandaa orodha za uhamisho, tusimwondoe mwalimu mahali ambapo jumuiya ya wenzake imeanza kushika mizizi, isipokuwa kwa sababu ya lazima. Na tukiiona hatari hiyo katika jalada, tumwandikie mkubwa wetu dokezo. Tena, mara nyingi mwalimu bora hutuzwa kwa kuondolewa darasani na kupewa meza ofisini. Huko twapata karani mmoja, na watoto wamepoteza bingwa. Yafaa chama chetu kiombe kwamba apate kupanda cheo akiwa angali anafundisha. Mwisho, nyumbani mwetu mna vitabu na magazeti ya Kiingereza yanayoliwa na mchwa. Tuyapeleke shule za jirani, tena twende wenyewe mara moja kwa mwezi kuzungumza na walimu kwa lugha hiyo. Haba na haba hujaza kibaba.

Bwana Mwenyekiti, hatuwaombi wanachama fedha, bali saa chache na uangalifu wa kalamu. Twaomba maneno haya yaandikwe katika kumbukumbu za mkutano, na kamati ituletee mkutano ujao majina ya shule tatu za kuanzia.